Mpe nyundo, usimpe fagio: maneno niliyosema Jumamosi hapa Moshi

Wengi mlikosa kuja kwenye mkutano wa kundi letu la wanaofua na kuchomelea chuma kwa kupenda tu, wengine mvua, wengine mlikuwa msibani Rombo, na toka jana napokea meseji za "tuwekee basi ulichosema". Nimeweka yote hapa, nilivyoongea ndivyo nilivyoandika, nimeruka tu zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Akina mama mliokaa kule nyuma sogeeni mbele jamani, viti vipo, na leo sitawasha kitu chochote cha kurusha cheche, leo ni maneno tu.

Ndugu zangu, mimi ni mhasibu. Jumatatu mpaka Ijumaa kazi yangu ni namba, na sijawahi kumuuzia mtu geti wala dirisha. Chuma nakipenda tu. Na nikiangalia humu ndani naona wengi mko hivyohivyo, yupo nesi, yupo dereva wa Noah, yupo mwalimu mstaafu, yupo kijana wa boda, watu ambao jioni wakitoka kazini badala ya kukaa mbele ya tivii wanaenda uani kuwasha moto na kugonga. Majirani wanalalamika kidogo lakini wamezoea.

Sasa nimekuja na swali moja. Mtu akitaka kujifunza kupika chapati anapewa unga, si ndio? Akitaka kujifunza gari anapewa usukani. Kwa nini basi akitaka kujifunza chuma anapewa fagio?

Narudia. Kwa nini anapewa fagio?

Mimi nilipewa fagio. Nilikuwa kijana, nimemaliza shule nasubiri matokeo, nikaenda kwenye karakana moja hapahapa mjini kuomba nijifunze kuchomelea. Nikapokelewa vizuri tu. Nikawa saidia fundi. Miezi 8. Kazi yangu kufagia, kufuata chai na chapati, kushika ethi, ule waya wa mashine unaobanwa kwenye chuma, na kugeuza uso fundi akiwasha. Nilikuwa nasimama pale nimeshika skwea paipu isicheze, joto linanifikia mpaka kwenye vidole, na nikimuuliza fundi, kaka, hapa umeweka ampia ngapi, yaani umeme wa nguvu gani, anasogea kidogo mgongo wake uzibe kile kitufe cha kuzungusha, ananiambia "utajua tu". Utajua tu! Kwa hiyo nikawa naibia. Si mnajua ule ufundi wa kuibia, unaiba kwa macho, yeye akienda msalani wewe unakimbia kuchungulia mashine imesimama wapi.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba stiki, ule ujiti wa kuchomelea, ya milimita 2.5 inaenda vizuri kwenye ampia 70 mpaka 90 hivi, na ile ya 3.2 kwenye 100 mpaka 130 kutegemea unene wa chuma. Basi. Hiyo ni sentensi moja, nimeisema hapa na hata pumzi haijaniishia. Miezi 8 nilinyimwa sentensi moja.

Lakini niseme ukweli, yule fundi simlaumu sana. Yeye alikuwa anakula kwa kazi ile. Akinifundisha vizuri leo, kesho nafungua karakana mtaa uleule, namchukulia wateja, watoto wake wanarudishwa ada. Ana sababu ya kuficha. Sisi je? Sisi ambao hatuli kwa chuma, ambao mshahara unatoka kwingine, sisi tunaficha nini? Tunamwogopa nani? Hilo ndilo lililonileta mbele yenu, ndugu zangu. Sisi ndio watu pekee katika mji huu tunaoweza kumfundisha mtu chuma bila kupoteza hata shilingi, na bado nawaona baadhi yetu tunazibaziba kitufe kwa mgongo.

Wengine mtasema, ndivyo kazi ya chuma ilivyo tangu zamani. Na ni kweli, uhunzi ulikuwa wa ukoo. Hapo jirani zetu Upareni, Ugweno, kulikuwa na ukoo wa Washana, wahunzi, na walikuwa watawala kabla Wasuya hawajawapindua. Hebu fikiria watu wanaheshimika mpaka wanatawala kwa sababu wanajua kutoa chuma kwenye mchanga! Wachagga wa huku juu walikuwa wanapata chuma kutoka Upareni halafu wahunzi wao wanafua mikuki na majembe. Kwa Wamasai nako wahunzi, il-kunono, walitengwa kabisa, hata kuoana nao ilikuwa mwiko. Kwa hiyo moto ulikaa ndani ya nyumba chache, na mtoto alijifunza kwa baba.

Sawa. Lakini huyo mtoto kwa baba alikuwa anafanya nini? Alikuwa anavuta mvukuto, kile kifuko cha kupulizia moto, angali mdogo! Moto aliushika kwa mikono yake. Siri ilikuwa kwa watu wa nje, mwanagenzi wa ndani alikuwa hafichwi kitu. Sisi tumechukua ile siri tukaacha ule ulezi.

Na mkitaka kuona kwamba chuma ni cha kila mtu, fanyeni hivi. Mvua ikiisha, chukua ile sumaku ya spika ya redio mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uipitishe kwenye mchanga uliobaki mferejini barabarani. Inatoka imevaa manyoya meusi. Hiyo ni magnetaiti, imetoka kwenye mawe ya mlima wetu huu, na ni mchanga wa namna hiyo ambao wazee wa Upareni waliuosha mitoni wakaupika kwa mkaa mpaka ukawa chuma. Mwanangu wa darasa la tatu nilimwonyesha, siku nzima hakutaka kurudi ndani.

Sasa niwape habari ya pili, ya mtu aliyenipa nyundo.

Miaka mingi baada ya lile fagio nilipanda Mamba, kule upande wa Marangu. Mnajua bado wako wahunzi kule wanaofua kwa mvukuto wa ngozi. Nikamkuta mzee mmoja amekaa chini, mbele yake moto mdogo sana, mdogo kuliko nilivyotegemea, kama wa kuchomea mahindi mawili. Nikamsalimia, nikamwambia babu, nimekuja kuangalia. Akaniangalia mikono. Akasema, "Kuangalia utachoka. Kaa." Dakika 10 hazijafika nimeshika nyundo, yeye ameshika koleo, kipande kinawaka rangi ya chungwa lililoiva, na anasema neno moja tu, piga. Nikapiga kwa nguvu zote kama natafuta nyoka. Akanishika kifundo cha mkono, hakunigombeza, akasema nyundo ina uzito wake, wewe inyanyue tu, ianguke yenyewe. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo nawaambia watu: sikiliza. Chuma cha moto kikigongwa kinasema "tup, tup", sauti nzito imekufa. Kikianza kusema "ting" kimepoa, rudisha motoni, ukiendelea kupiga unakipasua na unajichosha bure.

Yaani dakika 10 za yule babu na miezi 8 ya fagio, mnapima wenyewe.

Mwaka jana alikuja kwetu mama mmoja, mwalimu mstaafu, yupo hapa, ameinama lakini mimi nakuona mwalimu. Alitaka ndoano ya kuning'inizia mkungu wa ndizi jikoni, hakutaka ya kununua. Tukafanya vile vya babu. Siku ya kwanza, nondo ya milimita 10, urefu kama sentimita 25, nyundo ya kilo moja. Kwanza ncha: unapasha, unapiga, unazungusha robo, unapiga, mpaka inachongoka. Hapo alipiga "ting" mara nne tano ndipo akaanza kusikia, na aliposikia aligeuka akaniangalia macho yamefunguka, akarudisha motoni mwenyewe kabla sijasema. Halafu unakunja ile ncha kidogo iwe kama mkia wa kinyonga isichome mtu. Halafu unaweka kona ya ndoano kwenye pembe ya fuawe, lile pande la chuma la kugongea. Mwisho upande wa pili unalaza, unatoboa tundu la msumari. Ilimchukua muda wa saa mbili na nusu. Imekunjamana upande mmoja na ina alama za nyundo kila mahali, na iko jikoni kwake imebeba mkungu. Tangu siku hiyo hajakosa Jumamosi hata moja, na ameleta wenzake wawili. Mngempa fagio angerudi kweli?

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna kitu kinatangulia nyundo, nacho ni macho na mapafu. Hapa sina utani hata kidogo.

Mnakumbuka watu wanavyosema ukichomelea bomba la mabati unywe maziwa? Niliamini hivyo. Nikawa na kazi ya kibanda cha kuku, mabomba yale meupe ya maji, nikajifungia stoo kwa sababu nje kulikuwa na upepo, nikachomelea mchana kutwa, moshi mweupe kama pamba umejaa, na maziwa nusu lita nilikunywa kabla. Saa mbili usiku nikaanza kutetemeka. Baridi ya mifupa, homa, kiu isiyoisha, mdomoni ladha kama nimenyonya sarafu. Mke wangu akasema malaria, tukaenda kupima, hakuna malaria. Ilikuwa zinki, ile inayopakwa juu ya mabomba hayo yasishike kutu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 tu, chini kabisa ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo unapochomelea inageuka mvuke, inakuwa unga mweupe hewani, unaivuta, na baada ya saa chache mwili unapandisha homa. Mara nyingi inaondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Maziwa hayazuii kitu! Kinachozuia ni kuondoa ile zinki kwanza kwa grainda sehemu unayochomelea huku umevaa barakoa ya maana, na kufanyia nje, upepo ukitokea ubavuni. Na ukibanwa kifua ukashindwa kupumua vizuri nenda hospitali usingoje asubuhi.

Macho nayo. Usimruhusu mtu anayeanza asimame hapo "aangalie kwa mbali" bila kioo, ule mwanga unaunguza macho hata kwa sekunde chache, halafu usiku anaamka anahisi amemwagiwa mchanga. Miwani ya jua ya sokoni si kioo cha kuchomelea, kioo chenyewe kimeandikwa namba, 10, 11 au 12, kutegemea ampia.

Na grainda. Jamani grainda. Naona watu wanatoa kava ili diski kubwa ya inchi 9 iingie kwenye grainda ndogo. Angalieni maandishi kwenye diski zenyewe, ya inchi 4 na nusu inaruhusiwa mizunguko kama 13,300 kwa dakika, ile ya inchi 9 inaishia 6,600. Ukiiweka kwenye mashine ndogo unaizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake na kava umetoa. Ikipasuka haichagui inaenda wapi. Mtu wa kwetu hapa akionekana amefanya hivyo mbele ya mgeni azimiwe umeme, mimi nimesema, na kama ni mimi nizimiwe mimi.

Hayo mambo matatu yanachukua robo saa kuyasema. Unamvalisha, unamwambia, unampa nyundo. Usiyafanye yakawa fagio lingine la miezi 8.

La tatu. Hebu pitisheni hiki kisu mkono kwa mkono. Taratibu, makali hakina lakini kimevunjika. Mnaona ule ufa? Umeanzia kwenye makali ukapanda mpaka nusu ya upana. Hiki nilikitengeneza kwa jani la springi ya gari, chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha. Nilikifua wiki mbili jioni jioni, nikakipiga tupa, kikanyooka, nikakipenda. Halafu nikakipasha mpaka kikawa chekundu nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili kiwe kigumu. Nikasikia "tik". Sauti ndogo sana, kama kucha kwenye glasi. Nilijua palepale.

Kosa lilikuwa maji. Chuma cha springi kwa kawaida kinataka mafuta, maji yanakipoza haraka mno kinajikaza kwa kushtuka, kinapasuka. Na pia nilikuwa nakisia moto kwa macho mchana wa jua kali, wakati kuna njia ya bure: sumaku. Chuma kikifika kama nyuzi 770 kinaacha kushikwa na sumaku. Unagusisha, haishiki, unaongeza moto kidogo tu, unazamisha kwenye mafuta ya kula uliyoyapasha vuguvugu. Hapo kinakuwa kigumu kama glasi, kikianguka kinavunjika, kwa hiyo unakirudisha kwenye joto dogo la nyuzi 200 hivi kwa saa moja, mara mbili, mpaka uso ulioung'arisha ugeuke rangi ya majani makavu. Mimi naomba oveni ya mama mmoja jirani anayeoka mikate, nikishaosha mafuta yote kwa sabuni, maana mara ya kwanza sikuosha vizuri na mikate ya siku ile ilinuka.

Kisu cha pili kilichofanikiwa ninacho nyumbani. Nimeleta hiki. Kwa nini? Kwa sababu kila anayeanza akija kwetu anaona ukutani vitu vizuri tu, visu vinang'aa, mashoka, na anajisemea mimi hapa siwezi. Hajui kwamba nyuma ya kila kimoja kuna ndoo ya vilivyopasuka. Naomba kila mmoja wetu alete kitu chake kilichoharibika, kitundikwe ukutani palepale karibu na vizuri, na karatasi ndogo: nilifanya hivi, kikatokea hivi. Mimi hiki nakitundika leo.

Vifaa nitasema kwa kifupi. Jiriwa, au vaisi kama tunavyoita, tunazo nne kwenye kundi na watatu kati ya wenye nazo wanazitumia mara moja kwa mwezi. Zizunguke. Jiko la kuanzia ni drami la breki la lori, bomba na feni ndogo, mkaa wa kawaida. Fuawe ndiyo shida, na hapa nina ombi zito: msinunue reli. Najua inafaa, najua kuna watu wanakuja usiku na kipande. Ni mali ya umma, treni imerudi Moshi na Arusha baada ya miaka mingi, tusiwe sisi wa kuing'oa. Tafuteni kipande kinene cha ekseli ya lori au bamba la mashine nzito kwenye skrepa, omba risiti, kisimamishe kwenye gogo, kinatosha kabisa.

Swali limetoka hapa mbele: tusije tukawachukulia mafundi riziki? Swali zuri mzee wangu. Mtu akikuomba geti mpeleke kwa fundi. Dirisha, fundi. Sisi tukianza kufanya kwa bei ya kirafiki tunawaua wenzetu. Na kijana akija kwetu akaona kumbe anataka ile iwe kazi yake, tusimng'ang'anie, tumwelekeze VETA, chuo cha ufundi, wapo hapahapa Moshi, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, anapimwa anapewa cheti. Kumbukeni tuko kwenye eneo la chuma sisi, Hai pale kuna kiwanda cha Machine Tools kilichojengwa kwa msaada wa Wabulgaria, Arusha kuna TEMDO tangu 1980 na CAMARTEC tangu 1981, kazi yao ni kubuni mashine. Mtoto aliyeshika nyundo kwetu akiwa na miaka 14 anaweza kufika huko, lakini lazima awe ameshika.

Basi. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, palepale uani. Njooni na nguo za pamba, nailoni inayeyukia mwilini, viatu vya kufunika vidole, nywele ndefu zifungwe. Miwani ipo ya watu 9, mkaa upo, nondo nimeshakata vipande 12. Kila mwenyeji anakaa na mgeni mmoja, na mwenyeji ndiye anafagia.

Na wewe mdogo wangu wa shati la bluu, uliyeniuliza pale mlangoni kama utaruhusiwa kugusa. Wahi kidogo, fika saa mbili na nusu. Moto utawasha wewe.